Gari Lililopimwa kwa Futi Mbili

Mimi sina ugomvi na magari. Nimeendesha malori tangu ndevu zangu za kwanza, na lori ukiliheshimu nalo linakuheshimu. Lakini gari linalokuja nyumbani ndani ya masanduku, vipande vipande, kisha likaingizwa kwenye chumba ambacho mtu mzima analala, hilo nina ugomvi nalo na sitaki kunyamazishwa.

Chumba chenyewe kilikuwa changu. Dada yangu na mumewe ni mafundi cherehani. Duka lao liko mbele, wao wanalala katikati, na nyuma kuna stoo kubwa yenye mlango wa mabati unaofungukia uani. Tangu nihamie kwao, stoo ile ndiyo iliyokuwa na kitanda changu, sanduku langu na redio yangu. Siku shemeji aliporudi kutoka mnadani na gari la kuunga mwenyewe, nyumba nzima ilikaguliwa ukaonekana mlango mmoja tu unaoweza kulipitisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe, nilipewa meza ya kukatia nguo. Nikawa nalala dukani juu ya vumbi la chaki, chini ya makoti ya watu, huku sanamu ya kike isiyo na kichwa ikinisimamia kama mama mkwe.

Shemeji hakuwahi kutengeneza hata baiskeli. Hilo halikumtisha. Alisema gari ni suti tu: unakata, unapiga bandi, unajaribisha, halafu unashona. Tofauti ni kwamba hili limeshakatwa na wenye kiwanda, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ndogo. Dada akasema kama ni suti, basi haiwezi kushonwa na mtu mmoja katika nyumba yenye mafundi wawili. Wakabishana nani awe mkuu wa kazi, na mwisho wakapatana kwa njia ambayo wao peke yao wangeiona ya akili. Waligawana gari kwa urefu, kutoka pua hadi mkia. Kulia kwa mume, kushoto kwa mke. Wakapiga mstari wa chaki sakafuni, na ukimwona dada ameuvuka ujue anapeleka chai.

Sasa, ili mtu aelewe yaliyotokea, lazima nieleze habari za futi zao. Nasema futi ile ya kitambaa ambayo fundi cherehani huivaa shingoni. Katika nyumba ile mtu anaweza kutumia mswaki wa mwenzake kwa bahati mbaya akasamehewa, lakini futi haiguswi. Shemeji anashona suruali, na futi yake aliachiwa na mzee aliyemfundisha kazi. Imevutwa viunoni mwa watu miaka na miaka mpaka imelainika kama sikio la mbuzi. Dada anashona blauzi na magauni, na futi yake aliinunua mwenyewe wiki waliyooana. Ncha ikichakaa anaipunguza kwa mkasi, vizuri kabisa, kama mtu anayekata kucha. Niliyaona hayo yote kila siku na sikuwaza kitu, maana mimi ni dereva.

Kila mmoja alikuwa na sifa yake mtaani. Suruali za shemeji zilijulikana kwa ukarimu. Hakuna mwanaume aliyevaa suruali yake bila kuikunja chini, na watu walisema hiyo ndiyo alama ya fundi asiyebania kitambaa. Mimi mwenyewe yangu nilikuwa nimeikunja mara mbili, na kwa kuwa ilikuwa ya bure nilifunga domo langu. Magauni ya dada yalisifiwa kwa kumnyoosha mtu. Mwanamke akivaa gauni lake hatembei amejikunja, kwa sababu akijikunja hapumui.

Basi wakaunga gari. Fundi gari wa pale jirani, ambaye sote tunamwita Spana, aliitwa kwa kazi ya injini tu na akarudishwa kwake. Aliniambia pembeni kwamba hajapata kuona watu wanaokaza nati huku wametia vidole kastabini. Hata hivyo lilikamilika, dogo, jekundu, la viti viwili, na viti vyenyewe vimeshonwa kwa mshono ambao hata rais angeukalia kwa furaha. Na kwa kuwa mwenye leseni ya maana ni mimi, kulijaribu kukawa kwangu. Dada akakaa kando yangu. Shemeji akajikunja nyuma mahali pa kuweka mizigo, magoti masikioni.

Tukatoka uani vizuri. Tukafika barabarani, nikaushika usukani katikati kama binadamu yeyote, na gari likaanza kwenda kushoto. Nikadhani ni barabara. Nikalirudisha, likarudi, nikauachia usukani, likaenda kushoto tena, kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa na mteja nusu kichwa. Wote wawili walituona tunakuja na wote wawili wakaingia chini ya kiti kimoja. Nikaukata usukani kulia na kuushikilia hapohapo, na hapo ndipo gari lilipokubali kunyooka, lakini kwa namna yake: pua inatazama huku, matako yametoka kule, na safari inaendelea katikati. Mama mmoja aliyekuwa akitujia alitupisha kushoto, akaona haitoshi, akatupisha kulia, mwisho akasimama akafumba macho. Tuliporudi, mtaa mzima ulikuwa umeshalipa gari jina. Waliliita Kaa.

Spana akaitwa. Alikuja polepole, maana vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Akaomba uzi, na katika nyumba ile ukiomba uzi unaulizwa rangi gani. Wakati wanabishana kati ya bluu na kahawia yeye alichukua mweupe, akaufunga kwenye vigingi, akaunyoosha ubavuni mwa gari kulia na kushoto, kisha akachuchumaa akitazama pengo kati ya uzi na magurudumu. Akatuita tuone. Mhimili wa nyuma, ile ekseli inayobeba magurudumu mawili, alisema unashikwa na fimbo za chuma zinazotoka kwenye fremu, kila upande zake. Fimbo hizo zina nati nchani: ukizungusha huku zinarefuka, ukizungusha kule zinafupika. Zikilingana, ekseli inakaa sawa. Hizi hazikulingana. Za kulia zilikuwa ndefu kuliko za kushoto kwa kidole na nusu, gurudumu la kulia limekaa nyuma, ekseli yote imekaa mshazari, na ndiyo maana nyuma ya gari ilikuwa na safari yake na mbele ina yake.

Akauliza fimbo zilipimwa na nani. Shemeji akasema mimi. Dada akasema mimi. Kijitabu kilichokuja na masanduku kilitaja urefu, na kila mmoja alikuwa ameufuata sawasawa upande wake, kwa futi yake.

Spana hakuwa na haraka. Aliziomba futi zote mbili, akazilaza pamoja juu ya boneti jekundu, ncha kwa ncha. Tukazitazama. Namba za huku hazikukutana na namba za kule. Zilianza kupishana mapema, na kadiri zilivyokwenda zikazidi kuachana, kama watu waliotoka kwenye kikao kibaya.

"Mmoja wenu," Spana akasema, "amekuwa akiwadanganya watu tangu siku ya kwanza."

Akaenda zake, na kicheko chake tulikisikia mpaka alipokata kona.

Nilidhani ni jambo jepesi. Katika vifaa vyangu vya lori nina rula ya chuma, na chuma hakivutiki wala hakikatwi kucha. Nikaileta, nikasema tupime futi zote mbili, tujue moja. Walinitazama kama nimeingia bafuni bila kubisha. Hapo nikaelewa. Futi ya shemeji ikiwa ndiyo mbovu, basi ukarimu wake wote ulikuwa kosa la hesabu, na wanaume wa mtaa mzima wanatembea wamekunja kosa hilo miguuni. Ya dada ikiwa ndiyo mbovu, basi wale wanawake hakuwanyoosha, aliwabana tu. Nikairudisha rula yangu.

Kuanzia siku ile nyumba haikukalika. Dada alisema mumewe akubali kwamba futi yake imevutika, la sivyo ataondoka na cherehani yake arudi kwa mama, na akaweka siku, Jumapili. Shemeji akasema anayejua kosa ni la nani ni Mungu na kitambaa. Baada ya hapo hawakusemeshana, na mimi nikageuzwa simu. Mwambie dada yako apitishe chumvi. Mwambie mume wangu chumvi iko mbele yake. Wote tuko meza moja, chumvi iko karibu nao kuliko mimi. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hawa walikuwa mtu na mkewe, na shamba lenyewe sina.

Mtu asidhani nilicheka. Dada alikuwa ameshaivisha cherehani yake shuka na kuifunga kamba, imekaa mlangoni pa duka kama maiti inayosubiri gari. Dada akiondoka, mimi nabaki kwa shemeji kama nani? Kaka wa mke asiyekuwepo hana kitanda, hata cha meza. Na zaidi ya kitanda, nilikuwa nampenda yule bwana. Nawapenda wote wawili.

Ijumaa dada alikwenda kutafuta vifungo. Nikasikia chuma kinalia stoo. Nikaenda, nikakuta miguu ya shemeji imetokeza chini ya gari upande wa kulia, na mkononi ana futi ya dada, ile ile, ameitoa kwenye msumari inapotundikwa. Alishtuka akagonga kichwa. Akaniambia nisimwambie mtu. Anapima upya upande wake kwa futi ya mkewe, fimbo zifupike zilingane na za kushoto, gari linyooke, na Jumapili atasema mbele ya watu kwamba mbovu ilikuwa yake.

"Suruali zitasemwa," nikamwambia.

"Zisemwe," akasema. "Zimeshavaliwa."

Nikarudi dukani machozi yananilengalenga.

Jumamosi shemeji akaenda kupeleka sare za wateja. Chuma kikalia tena stoo. Safari hii miguu iliyotokeza ilikuwa ya dada, upande wa kushoto, na futi aliyoshika ilikuwa ile laini ya mumewe. Naye akanishika mkono kwa mkono wake wa grisi akaniambia ninyamaze. Amefikiri, amechoka kupitishiwa chumvi na mimi. Amezirefusha fimbo zake zilingane na za mumewe, na kesho atasema yeye ndiye aliyekosea.

Hapa ndipo mtu anaweza kuniuliza, na wengi wameniuliza, kwa nini sikusema kitu. Nitajibu. Kwanza nilikuwa nimeshamwahidi shemeji. Pili, niliona mambo yamekuwa mazuri mno. Akikubali mmoja, gari linanyooka; wakikubali wote wawili, nikaona litanyooka zaidi. Nilikwenda kulala kwenye meza yangu nikiwa na amani kuliko siku zote, na hata ile sanamu nikaipa usiku mwema.

Jumapili mtaa wote ulitoka. Na kwa kuwa kila mtu alijua Kaa huenda kushoto, watu wote walipanga mstari upande wa kulia. Kinyozi alifunga duka akavuka barabara na kiti chake. Spana alileta kiti cha plastiki akakiweka mbele kabisa, kulia, mahali salama kuliko pote, akakaa na kupandisha mguu juu ya mguu.

Mimi kwenye usukani, dada kando, shemeji nyuma na magoti yake. Kila mmoja alikuwa na uso wa mtu mwenye zawadi mfukoni. Nikatoka uani, nikaushika usukani katikati, nikakanyaga mafuta kwa imani.

Kaa akaenda kulia.

Hakwenda kidogo. Alikwenda kwa bidii ile ile aliyokuwa nayo alipokwenda kushoto, moja kwa moja kwa wapenzi wake. Sijawahi kuona watu wakipotea upesi hivyo. Kinyozi alipanda juu ya ukuta ambao hajawahi kuupanda tena. Spana aliushusha mguu mmoja, mwingine ukamsahau, akajiviringisha pembeni, na nilipofika kwenye breki kiti chake kilikuwa chini ya bampa, miguu minne imekwenda pande nne.

Injini ikazimika yenyewe, nadhani kwa aibu.

"Nilitumia futi yako," shemeji akasema kule nyuma.

Dada hakugeuka. "Na mimi nilitumia yako."

Nikaegemeza paji la uso kwenye usukani, honi ikalia. Basi nikawaeleza yote niliyoyaona Ijumaa na Jumamosi, mbele yao, na dirisha liko wazi. Shemeji alitaka kujua kama ni kweli mkewe alikubali kuaibika kwa ajili yake. Dada alitaka kujua hivyo hivyo kuhusu mumewe. Kisha dada akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akamsogelea mumewe kupitia katikati ya viti, na mimi nikatoka nje kwa heshima.

Mngedhani yameisha. Tulilisukuma gari mpaka stoo, wakapiga jeki, na ugomvi ukaanza upya, safari hii kwa adabu, na hiyo ni mbaya zaidi. Tutumie futi yako, mume wangu. Hapana mke wangu, tutumie yako. Siwezi kukudhalilisha. Mimi ndiye siwezi. Waliendelea hivyo, kila mmoja amemnyooshea mwenzake futi, mpaka mimi nikapandwa na hasira zote nilizozilalia tangu nihamie mezani.

"Gari halijui namba," nikawaambia. "Halijasoma kile kijitabu. Linataka kulia na kushoto zilingane, basi. Pimeni hata kwa mkia wa mbuzi, ilimradi mkia uwe mmoja."

Na ili kuwaonyesha, nikachukua ukanda wa kwanza niliouona kwenye kikapu cha kushonea, nikaunyoosha kwenye fimbo ya kulia. Dada akautazama unavyorefuka.

"Hiyo ni lastiki," akasema.

Nikaitupa. Dada akatafuta kitambaa kisichovutika, macho yake yakazunguka stoo yote yakaishia miguuni mwangu, kwenye kaki ngumu iliyokunjwa mara mbili. Nikajua. Alipiga magoti na mkasi akakata pindo la mguu wa kushoto, lote. Niliposhtuka upande huo, shemeji alikuwa ameshamaliza la kulia. Wakasimama, kila mmoja na ukanda wake mkononi, wakiangaliana.

"Mmoja," nikasema.

Shemeji akalitazama pindo lake, akalitia mfukoni.

Wakaingia chini ya gari wote wawili. Wakaunyoosha ule ukanda kwenye fimbo, shemeji kashika huku, mkewe huku, wakautia alama mbili za chaki, wakazungusha nati mpaka ncha za fimbo zikafika kwenye chaki. Halafu wakavuka ule mstari wa sakafuni, pamoja, wakafanya vile vile upande wa pili. Mimi niliona miguu minne tu. Walichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyodai, na mara kwa mara mguu mmoja ulikuwa unaupiga mwingine teke kidogo. Spana alikuja kunyoosha uzi wake mweupe, akachuchumaa kulia, akachuchumaa kushoto, akakuta pengo ni lile lile. Aliondoka akiulizia kiti.

Walipotaka kujaribu, shemeji akasema nimefanya kazi nyingi, nipumzike, ataendesha mwenyewe polepole mpaka njia panda. Kile kiti cha pili hakikuwa changu, hilo sikuhitaji kuambiwa. Dada alivua futi yake shingoni akanipa nimtunzie. Shemeji akanipa yake. Kabla ya kufunga mlango, dada akachungulia dirishani.

"Na ile cherehani yangu," akasema, "ifungue kamba uirudishe mezani."

Watu walikuwa wamejificha pande zote mbili za barabara. Kaa akapita katikati yao akiwa amenyooka kama mtu aliyevaa gauni la dada. Akafika njia panda, hakugeuka. Akaendelea, na mkono wa shemeji ulitoka dirishani ukapunga, sijui kwa nani.

Nikairudisha cherehani mezani, mahali nilipokuwa nikilaza kichwa. Kisha nikaenda stoo. Ilikuwa tupu, kubwa, inanuka mafuta, na mahali pa kitanda changu palikuwa na doa la grisi la ukubwa wa sinia. Nilikuwa nimesimama hapo na suruali ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa fupi, futi mbili shingoni, na rula yangu ya chuma mkononi. Hapakuwa na mtu. Ingenichukua dakika moja kujua ipi ni mbovu.

Nikazitundika futi zote mbili kwenye msumari mmoja. Nikapiga magoti, nikachukua rula ya chuma, nikaanza kukwangua grisi.